Simu ya Saa Nane Usiku

Asubuhi ya leo sina ujumbe wa kukupandisha mlimani. Nina toba. Na kwa kuwa toba yenyewe inahusu kifaa ambacho huenda kiko sebuleni kwako pia, pale kando ya televisheni kikimetameta taa zake ndogo, keti unisome mpaka mwisho.

Wewe unayeabudu nasi hapa Kikima unaijua nyumba yangu. Wewe uliye Nairobi, Mombasa au kule Ghuba, unayetufuata kwa simu tu, acha nikueleze: kati ya ukuta wa kanisa na dirisha la sebule yangu kuna uwanja mdogo, tangi la maji, na migomba michache. Mtoto akirusha mpira kutoka kanisani unaangukia kwa Mama Mchungaji.

Makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, nilihubiri nikiwa nimeifunga simu kwa kamba kwenye mgongo wa kiti. Bando liliisha katikati ya maombi zaidi ya mara moja. Wengine wenu mnakumbuka, mnanitania mpaka leo. Baadaye washirika walichanga, tukaletewa intaneti ya kulipia kila mwezi. Fundi wa kampuni alikuja (kampuni sitaitaja), akatoboa ukuta, akaweka ruta, akafungua video moja kuona kama inakwenda, akanywa chai, akaondoka. Hakukaa hata saa moja. Hakutueleza kitu, na sisi hatukumuuliza kitu.

Neno la siri la waifai nililichagua mwenyewe. Lilikuwa namba yangu ya simu. Nililiandika kwa kalamu nene, nikalibandika chini ya kalenda sebuleni, na katika mkutano wa vijana nikalitangaza kwa kipaza sauti. Ruta nikaiweka dirishani, upande wa kanisa, ili mawimbi yafike madhabahuni siku ya Jumapili. Nilijivunia jambo hilo. Nilisema kutoka mimbarini kwamba nyumba ya mchungaji haina kufuli, na mkapiga makofi.

Mwaka ukapita hivi. Kisha ibada zetu za mtandaoni zikaanza kukatika. Ninyi mlioko mbali mliniandikia: Pasta, picha imeganda, tunakuona umefungua mdomo tu. Nikaipigia simu kampuni, nikalalamika kwa sauti ambayo haimfai mtumishi. Wakapima, wakasema mambo ni sawa kwa upande wao. Siku moja printa ya kanisa, iliyounganishwa na waifai hiyohiyo, ikatoa karatasi tatu peke yake. Hazikuwa za ibada. Ilikuwa ratiba ya mechi za mpira za Uingereza. Mama Mchungaji akazishika, akaniangalia, akasema, "Baba, ndani ya hii nyumba tuko wangapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Binti yangu mkubwa, anayesomea kompyuta chuoni, alikuwa nyumbani likizo. Alichukua simu yake, akaandika kwenye kivinjari namba zilizo kwenye kibandiko chini ya ruta. Kwetu ni 192.168.1.1, kwako zinaweza kutofautiana kidogo. Ukurasa ukafunguka ukiuliza jina na neno la siri. Akaandika admin. Kisha akaandika tena admin. Akaingia. Haikuchukua hata nusu dakika, na mimi mwenye nyumba sikuwa najua kwamba mlango huo upo.

Hapa nataka uelewe jambo ambalo watu wengi hawalijui, nami sikulijua. Ruta ina maneno ya siri mawili. Moja ni la waifai, lile unalompa mgeni. La pili ni la kuingia ndani ya ruta yenyewe na kuibadilisha utakavyo. La kwanza ni kama ufunguo wa mlango. La pili ni kama kuwa na fundi wa kufuli mfukoni. Mimi nilikuwa nimempa kila mtu ufunguo wa mlango, na fundi wa kufuli nikamwacha ameketi kizingitini. Yeyote aliyekuwa kwenye waifai yangu angeweza kuingia kwa admin na admin, akabadilisha kila kitu. Angeweza hata kubadilisha ile orodha inayoielekeza simu yako ukiandika jina la benki, ukapelekwa kwenye ukurasa wa bandia wenye sura ileile. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka dunia kikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na ruta za watu, kikateka vifaa kwa maelfu na kuvitumia kuangusha tovuti kubwa. Hakikuvunja kufuli. Kilikuta watu hawajabadilisha walichokuta kwenye boksi.

Binti yangu akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nyumba yetu ina watu watano. Tukihesabu simu zote, kompyuta, televisheni na printa, tuna vifaa tisa. Orodha ilionyesha thelathini na moja.

Sikukasirika bado. Nilijiambia hao ni watoto wa kanisa, wasome tu. Lakini binti yangu alikuwa na jicho la mama yake. Akaikagua orodha usiku tatu mfululizo. Akaniambia, "Baba, wengi wanaondoka kufikia saa nne. Kuna simu moja inaingia saa saba usiku na kutoka saa kumi alfajiri. Kila siku."

Ruta yetu ina sehemu inayoandika majina ya tovuti zilizotembelewa. Haionyeshi mtu ameandika nini huko, kwa sababu siku hizi kurasa nyingi zimefungwa kwa usimbaji, lakini jina la tovuti linaonekana. (Kumbuka hilo ukitumia waifai ya hoteli au ya mtu usiyemjua.) Tukatazama. Kamari. Kurasa nyingine ni za mikopo ya simu. Kisha kamari tena. Nikamwambia binti yangu afunge. Nilihisi nimechungulia chumba cha mtu.

Nilichofanya kwanza ni kumfungia. Kuna kitufe cha kukizuia kifaa kimoja kwa alama yake. Nikakibonyeza, nikamshukuru Mungu, nikalala. Kesho yake usiku simu ilikuwa imerudi na alama nyingine. Nikaizuia tena. Ikarudi tena na ya tatu. Mpendwa, nilikumbuka yule pepo wa kwenye Mathayo sura ya 12, anayetoka nyumbani, akazunguka, kisha akarudi na wenzake. Binti yangu akanieleza kwamba hapakuwa na uchawi. Simu za siku hizi zinaweza kujibadilishia alama kwa kusudi la kulinda faragha ya mwenyewe. Ndiyo maana kuwafukuza watu mmoja mmoja ni kazi bure ikiwa neno la siri ni lilelile.

Usiku wa nne sikulala. Saa nane nikavaa koti, maana mnajua baridi ya milima hii ya Mbooni mwezi wa Julai, ukungu unashuka mpaka huoni migomba. Nikachukua tochi, nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Alikuwa nyuma ya tangi, ameketi kwenye kigoda, amejifunika blanketi mpaka kichwani, uso wake umewaka mwanga wa simu. Sitamtaja. Yeye na mama yake wameniruhusu nisimulie mradi nisiwataje, na wewe unayedhani umemtambua, nakuomba kwa jina la Yesu ufunge mdomo wako.

Hakukimbia. Akasema, "Pasta, naomba unisamehe." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Januari. Nikamuuliza mbona asifanyie kwao. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema, "Bando lingeisha, ningelala. Kwako haliishi."

Sasa sikia sehemu ya toba.

Mwezi wa tatu mama yake alikuja ofisini kwangu akilia. Aliuza ndama na maparachichi yote ya msimu, akaweka pesa kwa simu ziwe karo ya chuo ya kijana wake, na pesa zinayeyuka. Leo elfu mbili, kesho elfu moja na mia tano. Alifikiri amerogwa. Nami, mchungaji wako, sikumuuliza nani anaijua namba yake ya siri ya simu. Sikumwambia tufungue tuangalie taarifa ya pesa zilizotoka zimekwenda wapi. Nilichukua mafuta, nikampaka, nikamkemea yule mlaji anayetajwa na Malaki. Nilikemea kwa sauti kubwa. Mlaji mwenyewe, wakati huo, alikuwa anatumia waifai yangu, na mimi ndiye nilikuwa nalipa bili ya kila mwezi kwa sadaka ambayo huyo mama naye alichanga.

Soma hiyo aya tena. Mimi nimeisoma mara nyingi.

Tuliingia ndani na kijana, Mama Mchungaji akaamka, akawasha jiko bila kuuliza swali, akapika chai. Tuliongea mpaka jogoo wa kwanza. Mengine ya usiku ule ni yake na Mungu wake. Asubuhi niliongozana naye hadi kwa mama yake, na hiyo, mpendwa, ilikuwa safari ndefu kuliko ya Kikima hadi Wote kwa miguu.

Siku mbili baadaye tukaketi sebuleni mimi, binti yangu na kijana huyohuyo kuitengeneza ruta. Nilitaka awepo. Nataka nikueleze tulichofanya, kwa sababu najua kuna nyumba nyingi zenu zilivyo ni vilevile yangu ilivyokuwa.

Tulianza na lile neno la siri la ndani, la admin. Hilo ndilo la kwanza kabla ya jingine lolote. Tuliweka jipya, tofauti kabisa na la waifai, tukaliandika kwenye daftari ambalo Mama Mchungaji analiweka pamoja na hati ya shamba. Kuandika kwenye karatasi nyumbani si dhambi. Mwizi wa mtandaoni haoni droo yako. Kubandika ukutani sebuleni ndiko kosa.

Kisha neno la siri la waifai. Kijana aliponiuliza lililopo nikasema ni namba yangu ya simu, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Namba yangu iko kwenye bango la kanisa barabarani! Lakini hata kama ingekuwa namba ya siri, bado isingefaa. Simu yako inapoungana na ruta, vitu hivyo viwili vinasalimiana hewani. Mtu aliye karibu anaweza kuinasa salamu hiyo, akaenda nayo kwake, akakaa na kompyuta yake akijaribu neno moja baada ya jingine bila ruta yako kujua. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha hujaribu maneno laki kadhaa kwa sekunde moja. Namba za Kenya huanza na 07 au 01, kisha tarakimu nane. Kuzimaliza zote ni kazi ya dakika chache.

Na ninyi watu wa Mungu, nawaomba, acheni kutumia mistari ya Biblia. Najua nyumba nyingi hapa ambazo waifai inafunguka kwa Yohana na namba zake. Mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani iitwayo RockYou ilivuja maneno ya siri zaidi ya milioni 32 ya wateja wake, na tangu hapo orodha hiyo ndiyo wahalifu huanza nayo. Jina la Yesu limo. john316 imo. Wanaojaribu kufungua mlango wako wanajua kwamba umeokoka.

Lililo bora ni refu, si gumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili na Kikamba yakichanganywa. Kama muthokoi-tairi-kengele-jogoo-sabuni. Mtoto anaweza kulikumbuka, na kompyuta itazeeka ikilitafuta. (Hilo sasa nimelitaja hadharani, kwa hiyo limekufa. Tunga lako.)

Tukaangalia aina ya ulinzi. Ruta itakupa majina yanayotisha, lakini hadithi yake ni fupi. Ulinzi wa kwanza wa waifai uliitwa WEP, ulitoka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameshauvunja. Ukaja WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004, kisha WPA3 mwaka 2018. Chagua WPA3 ikiwa ruta yako inayo. Hiyo inazuia ule mchezo wa kunasa salamu na kwenda kuijaribu nyumbani. Ukiwa na simu za zamani ambazo haziijui, chagua WPA2 pamoja na WPA3, au WPA2 yenye neno AES. Ukikuta ruta yako inajua WEP peke yake, hiyo ruta ipumzike kwa amani.

Kulikuwa pia na kitu kinachoitwa WPS, kile kitufe cha kuunganisha simu bila kuandika neno la siri. Tukakizima. Sababu yake ilinishangaza. Namba yake ya siri ina tarakimu nane, ungedhani ni mamilioni ya majaribio. Lakini ruta huikagua nusu nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha zile nyingine tu, kwa hiyo majaribio yanayohitajika ni kama 11,000. Jambo hilo lilifichuliwa mwaka 2011 na bado ruta nyingi zinauzwa kitufe kikiwa kimewashwa. Tukazima vilevile ruhusa ya kuiongoza ruta kutoka nje ya nyumba, na tukabonyeza pale pa kusasisha programu yake. Usidharau kusasisha. Mwaka 2017 hata hiyo WPA2 iligunduliwa ufa, na dawa yake ilikuja kupitia masasisho hayo.

Jina la mtandao nalo tulilibadilisha. Lilikuwa linatangaza kila anayepita kwamba hapa ni kwa Pasta. Jina halilindi kitu, na kulificha hakusaidii sana, lakini hakuna haja ya kupiga kengele.

Mwisho tukaitoa ruta dirishani. Mawimbi ya waifai hayajui mpaka wa shamba. Hasa yale ya 2.4 yanapenya kuta na kwenda mbali kuliko yale ya 5. Tukaiweka katikati ya nyumba, na kwa kanisa tukavuta waya mpaka kwenye kifaa cha pili kilicho ndani ya kanisa lenyewe. Nilitoka nje na simu yangu nikasimama nyuma ya tangi. Mawimbi yalikuwa bado yapo, dhaifu. Yangekuwepo tu. Ndiyo maana neno la siri lina kazi.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo tulifurahi wote. Hapana. Jumapili iliyofuata watu walitafuta mtandao hawakuupata, na manung'uniko yakaanza kabla ya sadaka. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema hata kisima hatukifungi. Dada mmoja akaniuliza kama hasara ya mmoja ndiyo adhabu ya wote. Nilikuwa na jibu kali tayari mdomoni. Kisha siku ya Jumanne akaja msichana, amebeba bahasha, anasema dirisha la KUCCPS la kuomba nafasi ya chuo linakaribia kufungwa, na kwamba yeye huja kukaa kwenye ngazi za kanisa saa tisa mchana kujaza. Alikuwa miongoni mwa wale thelathini na moja. Nilikuwa nimemfungia yeye pamoja na kamari. Nikaona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Nikarudi kwa Nehemia. Unaijua habari: aliposikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketea kwa moto, aliketi akalia. Sisi wahubiri tunapenda ukuta, zile siku hamsini na mbili, kila mtu akijenga mbele ya nyumba yake, kama mwethya wa mama zetu walipochimba matuta kwenye miteremko hii. Lakini soma sura ya 7 polepole. Ukuta ukiisha, anaweka milango. Na halafu anaweka saa. Malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na wenyeji wenyewe wawekwe zamu ya kulinda. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuona kwamba anazungumza juu ya kufungua, si kufunga tu. Angetaka mji usiingilike angejenga ukuta mtupu.

Kumbe ruta ilikuwa na lango hilo na sikulijua. Linaitwa mtandao wa wageni. Ni waifai ya pili kutoka kwenye ruta ileile, yenye jina lake na neno lake la siri, na anayeingia huko anapata intaneti lakini haioni printa, wala kompyuta ya hesabu za kanisa, wala simu ya Mama Mchungaji. Ruta yetu inauwekea pia saa. Tumeuwasha kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili wakati wa ibada. Tumezuia tovuti za kamari, nikijua kwamba anayetaka sana atapata njia ya kuzunguka. Neno lake la siri tunalibadilisha kila mwezi, na ukilitaka unakuja kulichukua kwa mama mmoja wa idara ya watoto, ana kwa ana. Atakuuliza jina lako na unasoma nini. Wengine mmelalamika kwamba ni usumbufu. Ni kweli. Nataka usumbuke kiasi cha kutosha ili nijue umekuja.

Msichana yule alijaza fomu zake akiwa ameketi kwenye kiti, ndani, si kwenye ngazi.

Neno moja kwa vijana wanaojisifu kwamba wanajua kufungua waifai za majirani. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao tangu 2018. Kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka mitatu, au faini hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Sikutishi. Nakwambia kabla askari hajakwambia.

Kijana wetu anaendelea. Sitakudanganya kwamba alianguka chini, akainuka huru siku ileile. Mama yake alibadilisha namba ya siri ya simu yake, na tumepanga naye jinsi deni la mikopo litakavyolipwa kidogo kidogo. Mwezi wa nane aliteleza, kwa bando lake mwenyewe, akaja akaniambia kabla sijaambiwa na mtu. Tukaanza tena. Siku hizi ananisindikiza nyumba kwa nyumba kuwatengenezea watu ruta, na ana subira na wazee kuliko mimi. Juzi tulikuwa kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake aliye Nairobi ndiye humlipia intaneti. Neno lake la siri lilikuwa namba moja hadi nane kwa mfuatano. Kijana akamwambia taratibu, "Susu, hii hata ng'ombe wako anaijua." Bibi akacheka mpaka akashika mlango.

Mimi bado naamka saa nane usiku. Ni desturi sasa. Nafungua orodha, nahesabu vifaa tisa, naomba nikitaja wale ishirini na wawili ambao sikuwa nawajua walipokuwa sebuleni mwangu. Wengine nimeshawajua kwa majina. Wengine bado.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi, tutakaa kanisani mpaka saa saba mchana, mimi, binti yangu na kijana. Kama una ruta nyumbani na hujui neno la siri la ndani ni lipi, geuza kifaa chako chini, nakili namba zilizo kwenye kibandiko kwa kalamu, uje nazo. Usinitumie picha ya kibandiko hapa, kila mtu ataiona. Walioko mbali, nipigieni jioni, namba mnaijua. Si neno la siri tena.

Ubarikiwe.